Peter Medawar na Duara la Mwili

Jamaa yangu mmoja wa hapa Mombasa alipandikizwa figo aliyopewa na dadake. Figo ikashika, alhamdulillahi, lakini baridi yabisi iliyomsumbua tangu ujanani ilitulia kwa muda tu, kisha ikarudi. Siku moja alinijia na vyeti viwili vya dawa. Kimoja cha daktari wa figo, na cha pili cha daktari wa viungo, aliyemwandikia sindano za zile dawa mpya za kibiolojia, ambazo hutengenezwa kwa chembe hai na kuziba njia moja maalumu katika kinga ya mwili. Madaktari hao wawili hawakuwa wameandikiana hata mstari mmoja. Jamaa yangu akataka kujua kama dawa hizo zitapatana. Mimi si tabibu. Nilimsihi asidungwe sindano yoyote mpaka wakubwa hao wamesemezana. Lakini usiku ule nilimfikiri sana hayati Sir Peter Medawar.

Jina hilo si geni kwetu tuliopitia chuoni. Ni la Kiarabu, mudawwar, yaani kitu cha mviringo, na neno letu duara latokana na asili hiyo hiyo. Babake alikuwa Mkristo wa Lebanon aliyefanya biashara nchini Brazil, na mamake Mwingereza. Peter alizaliwa huko Brazil tarehe 28 Februari, 1915. Alipelekwa Uingereza kusoma, na baada ya shule ya bweni ambayo hakuipenda hata kidogo, aliingia Chuo Kikuu cha Oxford akasomea elimu ya wanyama.

Vita Vikuu vya Pili ndivyo vilivyompa kazi ya maisha yake. Mwaka 1940 ndege ya kivita ilianguka karibu na nyumba yake, na rubani kijana akaungua vibaya. Wakati ule ngozi ya mtu mwingine ikibandikwa kwenye kidonda ilishika siku chache tu, kisha ikafa na kubanduka. Hakuna aliyejua sababu hasa. Medawar akaenda Glasgow kushirikiana na daktari mpasuaji Thomas Gibson. Walimbandika mwanamke mmoja aliyeungua vipande vya ngozi ya kakake. Vikabanduka. Walipombandika vingine kutoka kwa kaka yule yule, hivi vya pili vilitupwa upesi zaidi kuliko vile vya kwanza. Hapo Medawar akatambua kwamba mwili una kumbukumbu. Ulikwisha mjua mgeni, na safari ya pili ukamlaki kwa silaha tayari. Wakayatangaza hayo mwaka 1943, naye akarudi Oxford kuyathibitisha kwa sungura wengi.

Basi ikawa wazi kwamba kila mwili una duara lake, walio ndani ni wenyewe na walio nje ni maadui. Je, duara hilo laweza kupanuliwa? Jibu lilitoka zizini. Alipokuwa Birmingham, Medawar na mwenzake Rupert Billingham walitaka kutumia ngozi ili kuwatenga ndama pacha wanaofanana kabisa na wale wasiofanana. Walistaajabu kuona karibu pacha wote wakipokeana ngozi, hata dume na jike. Sababu ni kwamba ndama hao huchanganya damu tangu tumboni mwa mama. Baadaye huko London, wakiwa pamoja na Leslie Brent, waliwadunga panya wasiozaliwa chembe hai za panya wa ukoo mwingine. Panya hao walipokua walipokea ngozi ya ukoo ule bila ugomvi. Habari hiyo ilitoka mwaka 1953. Mwaka 1960 Medawar alipewa Tuzo ya Nobel pamoja na Macfarlane Burnet wa Australia, naye akawagawia Billingham na Brent sehemu ya fedha zake.

Hata hivyo, mgonjwa mzima wa figo hawezi kurudishwa tumboni mwa mamake. Kwa hiyo katika miaka ya 1960 Medawar alishughulikia njia nyingine. Sungura alidungwa chembe nyeupe za damu ya panya, naye akatengeneza kinga dhidi yake. Maji ya damu ya sungura huyo yalipotiwa panya, askari wa mwili walipungua, na ngozi ya kigeni ikakaa siku nyingi. Hakuwa wa kwanza kuwaza jambo hilo, lakini majaribio yake yalilitia nguvu. Hadi leo dawa ya namna hiyo itokayo kwa sungura hutumiwa kwa waliopandikizwa figo. Ni mkubwa wa ukoo wa dawa za kibiolojia alizoandikiwa jamaa yangu.

Mwaka 1969, akisoma mbele za watu katika kanisa kuu la Exeter, Medawar alipigwa na kiharusi. Alikuwa na miaka 54. Upande mmoja wa mwili ulilemaa, lakini kwa msaada wa mkewe Jean aliendelea kufanya utafiti na kuandika vitabu kwa miaka 18 zaidi. Alifariki London tarehe 2 Oktoba, 1987.

Funzo la kazi yake ni kwamba askari wa mwili wakiachiwa huru watamtupa mgeni, na wakilazwa wote mlango hubaki wazi kwa kila mwizi. Mwenye figo ya kupewa tayari amewalaza baadhi yao kwa vidonge vya kila siku. Akiongeza sindano za viungo, anawalaza wengine. Kifua kikuu kilichojificha chaweza kuamka, na chanjo zenye vijidudu hai hazimfai.

Madaktari wa jamaa yangu hatimaye walikutana. Walimpima kifua kikuu kwanza, wakapunguza kidonge kimoja, ndipo wakamwanzishia sindano kwa masharti ya kupimwa damu mara kwa mara. Ameambiwa homa ikimshika, hata ndogo, asingoje asubuhi. Na vyeti vyake sasa huviweka katika mfuko mmoja, akauonyesha wote kwa kila daktari amwendeaye.