Tito Okello, mkubwa wa nchi aliyerudi kwao

Mu nomero hii tunaleta maisha ya Jenerali Tito Okello Lutwa wa Uganda. Alikimbia nchi yake mara mbili, na mara mbili akarudi.

Alizaliwa mu 1914 kule Namokora, upande wa Kitgum, kwa Waacholi. Mu 1940 aliingia King's African Rifles, jeshi la Waingereza, ambamo askari waliamriwa kwa Kiswahili. Idi Amin alipokamata utawala mu 1971, askari Waacholi wengi waliuawa ndani ya makambi yao. Okello akakimbia, akaishi Tanzania. Mu 1979 akarudi pamoja na jeshi la Tanzania, Amin akafukuzwa. Kisha Okello akawa mkubwa wa jeshi.

Mu Julai 1985 askari walimpindua Prezida Obote. Aliyewaingiza Kampala ni Bazilio Olara-Okello, lakini kiti kikapewa mzee Tito, aliyekuwa na miaka kama 70. Jina lilikuwa lake. Nguvu, wenye bunduki njo walikuwa nayo. Tarehe 17 Desemba, kule Nairobi, mbele ya Prezida Moi, alitia sahihi mapatano ya amani na Yoweri Museveni. Mapigano hayakusimama. Tarehe 26 Januari 1986 Kampala ikaanguka, na mzee akakimbia tena. Alikalia kiti miezi sita tu.

Mu 1993 serikali ya Museveni, ile ile iliyomtoa, ikamsamehe, akarudi. Cheo hakurudishiwa, na kwao kaskazini vita vya Kony vilikuwa vingali vinaunguza vijiji. Alikufa mu Juni 1996, akazikwa Namokora. Mu 2010 serikali ikampa nishani, yeye yuko kaburini.

Hapa Kasulo tunapotembelea familia za waliorudi, tunakuta watu wenye karatasi zote, lakini hawana mlango wa kugonga usiku wa kwanza. Karatasi ya namna hiyo inafanana na ile ya Nairobi: sahihi iko, wa kuisimamia hawako. Hata aliyekuwa mkubwa wa nchi alihitaji mtu wa kumwambia arudie. Kotizo ya kila mwezi na msaada wa wafazili njo mlango huo. Mwenye bado kuleta yake, tunamungojea.