Arrhenius: Mwanakemia aliyefumbua fumbo la chumvi majini

Mama wa Kawangware atiapo chumvi sufuriani, punje hutoweka lakini ladha hubaki. Kueleza kinachotendeka humo kulimletea Svante Arrhenius dharau ujanani, na baadaye Tuzo ya Nobel.

Arrhenius alizaliwa Februari 19, 1859, karibu na mji wa Uppsala, Uswidi. Babake alikuwa mpima ardhi. Enzi hizo ilijulikana kwamba chumvi kavu haipitishi umeme, na maji safi huupitisha kwa shida, ilhali vikichanganywa umeme hupita vyema. Sababu ndiyo iliyokuwa kitendawili.

Mnamo 1884 aliwasilisha tasnifu ya udaktari katika Chuo Kikuu cha Uppsala. Walimu wake hawakushawishika, wakampa daraja la chini. Hata hivyo, Wilhelm Ostwald, aliyekuwa akifundisha Riga, alifunga safari hadi Uppsala kumwalika wafanye kazi pamoja.

Kufikia 1887, Arrhenius alikuwa ameikamilisha nadharia yake: chumvi ikiyeyuka, hugawanyika kuwa ioni, yaani chembe zenye chaji, sodiamu chanya na kloridi hasi, hata kabla ya umeme kupitishwa. Mwaka wa 1903 alitunukiwa Nobel ya Kemia, akiwa Mswidi wa kwanza kuipata. Alifariki jijini Stockholm Oktoba 2, 1927.

Waliomfuata walibaini kwamba ioni zimo tayari katika chumvi kavu, zikishikamana kwa mvutano wa chaji. Maji huzivuta na kuzitenganisha. Pale mshikamano unapoyashinda maji, kama katika kalisiamu floraidi, ni kiasi kidogo tu kinachoyeyuka.

Elimu hiyo inamhusu mkazi wa Kibera anayenunua maji kwa mtungi. Visima vingi virefu vya Nairobi vimechimbwa katika miamba ya volkano, na maji yake aghalabu yana floraidi nyingi na kalisiamu haba, hivyo floraidi haigandi ikatuama chini. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita. Kinapopitwa kwa muda mrefu, meno ya watoto huingia madoa ya kahawia.

Kuchemsha maji huua viini vya kipindupindu, na ni desturi isiyofaa kuachwa. Lakini moto hauondoi ioni: mvuke huenda zake, floraidi ikabaki katika maji yaliyopungua. Kwa hivyo, ni heri muuzaji aulizwe maji yametoka wapi, na kisima kipimwe kabla ya watoto kunyweshwa.