Moïse Tshombe: alishika karata nzuri, akangojea

Wanaocheza poka nyumbani, Kimemi ao Beni, wanamjua mchezaji wa aina hii. Anapata wafalme wawili, moyo unamruka, lakini anajifanya hana kitu. Haongezi dau, ao anaongeza kidogo tu, juu ya kuogopa wengine wasitupe karata zao na kuondoka na pesa. Hesabu yake ina tobo moja: kila mara asipoongeza, wengine wanaona karata inayofuata bila kulipa. Na nyumbani, penye watu watano ao sita na dau la franka kidogo, nani anaondoka? Wote wanabaki. Yule aliyekaa na tisa na kumi za bure anafunuliwa karata inayomfaa, na wafalme wawili hawana kazi tena.

Kwa wafalme wanne, sawa, ngojea upendavyo, ni mara chache sana utapigwa. Hatari iko kwa karata iliyo nzuri lakini inaweza bado kupigwa, na mwenyewe anaicheza sawa vile haiwezi.

Leo tunaongea juu ya Moïse Kapenda Tshombe. Mu 1965 hakuna mwanasiasa wa Kongo aliyekuwa na karata kumpita.

Alizaliwa tarehe 10 Novemba 1919 ku Musumba, Katanga, kwenye ukoo wa kifalme wa Walunda. Baba yake, Joseph Kapenda Tshombe, alikuwa mchuuzi tajiri. Moïse alisoma kwa wamisionari Wametodisti, akaoa binti wa Mwant Yav, akarithi maduka. Biashara ilimshinda. Siasa ndiyo ilimkubali, kupitia chama cha CONAKAT.

Wakati ule hakuwa mtu wa kungojea hata kidogo. Inchi ilipata uhuru tarehe 30 Juni 1960. Tarehe 11 Julai Tshombe alishatangaza Katanga ni inchi yake mbali. Nyuma yake kulikuwa Wabelgiji, pesa ya Union Minière, na askari wa kukodiwa. Tarehe 17 Januari 1961 Patrice Lumumba alipelekwa mikononi mwa watu wa Katanga, akauawa usiku uleule karibu na Elisabethville. Deni hilo halikumtoka Tshombe mpaka kufa, na sisi hatuna sababu ya kulifuta. Januari 1963 majeshi ya Umoja wa Mataifa yalimaliza Katanga yake, naye akakimbilia Uhispania.

Angeishia pale, kama si mashariki. Mu 1964 Simba waliinuka: Uvira, Albertville, kisha Stanleyville, na hata huku kwetu Butembo na Beni walifika. Serikali ya Léopoldville ilitetemeka. Raisi Kasa-Vubu akamwita mtu aliyekuwa adui wa umoja wa inchi, akamfanya waziri mkuu, Julai 1964. Tshombe alileta tena askari wa kukodiwa, wakiongozwa na Mike Hoare, na tarehe 24 Novemba 1964 parakomando Wabelgiji walishuka ku Stanleyville kwa ndege za Wamarekani. Simba walivunjika. Damu iliyomwagika pande zote mbili ni habari nyingine, ndefu.

Tufike sasa kwenye meza yenyewe. Uchaguzi wa 1965 ulifanyika, na muungano wa Tshombe, CONACO, ulipata viti 122 kwa 167. Karata ya namna hiyo haikuwa imeonekana tangu uhuru. Lakini angalia vizuri: CONACO haikuwa chama kimoja. Vilikuwa vyama karibu 50 vilivyofungwa kamba moja, na wengi mule walifuata jina la Tshombe na pesa. Kwa hiyo walikuwa wafalme wawili, si wanne.

Na Tshombe alifanya nini? Alingojea. Kura zilipigwa kuanzia Machi, na Bunge likakaa pamoja mbele ya raisi Oktoba. Miezi yote ile, wabunge wake hawakufungwa na kura yoyote ya imani kwa serikali yake. Macho yake yalikuwa kwenye uchaguzi wa raisi uliokuwa unakaribia. Alidhani muda uko upande wake. Kibaya zaidi, nia yake haikufichika. Kasa-Vubu alijua vizuri nani anataka kiti chake. Katikati ya mwaka, Munongo, rafiki wa Tshombe tangu Katanga, aliondolewa ku wizara ya mambo ya ndani, na Nendaka akaingia. Kwa mchezaji mwenye masikio, ile ilikuwa sauti ya mtu anayeongeza dau. Wapinzani wakaunda kundi lao, FDC.

Tarehe 13 Oktoba, mbele ya Bunge, Kasa-Vubu alimfukuza. Katiba ya Luluabourg ilimpa raisi nguvu ile, na wako wanaosema Tshombe hakuwa na njia. Nusu ya kweli. Kumfukuza waziri mkuu aliyepata kura ya imani juzi tu mbele ya wabunge wapya kungekuwa na bei kubwa. Kumfukuza anayengojea hakukuwa na bei.

Aliyewekwa mahali pake ni Évariste Kimba, naye Mkatanga, aliyewahi kuwa waziri wake. Tarehe 14 Novemba Bunge lilimkataa Kimba kwa kura 134 kwa 121. Tshombe alishinda, lakini hesabu hizo zilionyesha namna gani ukubwa wa muungano wake ulishapungua. Kasa-Vubu akamtaja Kimba yuleyule tena. Wawili hawa wakashikana macho, kila mmoja akingoja mwenzake atupe karata.

Mezani kulikuwa mtu wa tatu. Joseph-Désiré Mobutu hakuwa na chama mu Bunge. Alikuwa na jeshi, na kila wiki ya mvutano ilimfunulia karata moja ya bure. Usiku wa tarehe 24 Novemba wakubwa wa jeshi walikutana, na asubuhi inchi ikapata raisi mpya. Waziri mkuu akawa Kolonele Mulamba, yule aliyeilinda Bukavu mu 1964. Bunge lilikubali. Tshombe mwenyewe alikubali, juu ya Kasa-Vubu kuanguka. Alifurahia mpinzani mbaya.

Kimba alinyongwa mbele ya watu ku Kinshasa siku za Pentekoste, Juni 1966, pamoja na Bamba, Anany na Mahamba. Tshombe alikuwa amesharudi Uhispania. Mu 1967 alihukumiwa kifo bila kuwapo. Tarehe 30 Juni mwaka huohuo, sikukuu ya uhuru, ndege ndogo aliyopanda katika visiwa vya Baleares ilitekwa na Mfaransa mmoja, Francis Bodenan, ikapelekwa Aljeria. Mahakama ya kule ilikubali arudishwe Kongo, lakini Boumediene hakumtoa, wala hakumfungua. Alikufa kizuizini tarehe 29 Juni 1969, ana miaka 49. Waganga walisema ni moyo. Amezikwa kwenye makaburi ya Etterbeek, karibu na Brussels. Mobutu wakati ule alikuwa hajatimiza hata miaka 4 madarakani. Alikuwa amebakiza 28.