Dakta Burkitt na Ramani ya Maradhi

Tabora, ambako Kanyenye ni mtaa mmoja wa kale, ilikuwa njia panda ya misafara: mmoja ukielekea Ujiji, mwingine ukipanda Karagwe hadi Buganda. Leo tunamkumbuka msafiri asiyetafuta pembe wala watumwa. Alitafuta watoto wagonjwa.

Denis Burkitt alizaliwa Enniskillen, Ireland, mwaka 1911. Alipokuwa na umri wa miaka 11, jiwe lililorushwa na watoto wenziwe lilimpofusha jicho la kulia. Baba yake, mhandisi, alichora ramani za makazi ya ndege wadogo. Si ajabu basi kwamba mwana naye alikuja kuchora ramani, ila za maradhi. Mwaka 1946 aliajiriwa na serikali ya Uganda, akawa mpasuaji Lira, kisha Mulago.

Hapo Mulago, mwaka 1957, aliitwa amtazame mtoto aliyevimba taya zote mbili, kulia na kushoto. Muda si mrefu akamwona mwingine Jinja mwenye dalili zile zile. Akafukua majalada, akatuma picha hospitali nyingi za Afrika, na Oktoba 1961, pamoja na madaktari wawili, akaondoka Kampala kwa gari kuukuu. Walisafiri maili 10,000 kwa wiki kumi hadi Afrika Kusini, wakiuliza hospitali kwa hospitali.

Ramani ilionyesha kwamba saratani hiyo hupenda nchi za joto na mvua, na katika Afrika ya Mashariki haionekani sana juu ya mita 1,500. Tabora, yenye mita 1,200 hivi, imo ndani ya mpaka huo. Lakini Unguja na Pemba, zenye joto na mvua tele, zilikuwa karibu hazina. Ndugu zetu wa visiwani wajue kwamba upungufu huo ulikuwa ushahidi mkubwa: huko malaria ilikuwa imepigwa vita kwa dawa ya kunyunyizia majumbani. Mwaka 1964, huko London, kirusi kiligunduliwa ndani ya uvimbe aliopeleka Burkitt. Na malaria ya mara kwa mara ndiyo inayokipa nafasi.

Kwa kuwa Kampala haikuwa na mashine ya mionzi, alijaribu dawa, na watoto waliokuwa wakingoja kufa wakapona, wengine kwa dozi chache tu. Hata hivyo maradhi yalijificha kwenye utando wa ubongo, mahali ambapo dawa ya mshipani haifiki vyema. Taasisi ya Saratani ya Uganda, iliyoanza mwaka 1967, ikayafuata huko kwa sindano ya uti wa mgongo.

Burkitt alifariki mwaka 1993. Uchunguzi wa mwaka 2022 ulionyesha malaria kwa takriban asilimia 23 ya watoto wadogo wa Tabora, mkoa ulioongoza nchini. Zanzibar haikufikia hata asilimia moja. Uvimbe huu huweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili, na kutoka Kanyenye hadi Bugando, Mwanza, ni safari ya siku nzima kwa mzazi mwenye nauli. Asiye nayo huanza kwa kuuza mahindi. Wakuu wa afya wa mkoa na watangaze ni nani atakayemlipia.