Student, mtu wa bia aliyepima mbegu

Mulimaji wa Mumosho anajua shida hii: mbegu mbili za maharagi, moja imezaa zaidi. Ni mbegu, ao ni bahati tu ya udongo?

William Sealy Gosset, aliyezaliwa Uingereza mwaka 1876, alikuwa na shida ile ile juu ya shayiri. Tangu 1899 alitumika kwenye kiwanda cha bia cha Guinness, Dublin. Vipimo vilikuwa vichache. Mwaka 1908 alitoa hesabu yake kwa jina la Student, ju kiwanda kilikataza majina ya wafanyakazi. Ronald Fisher akaipanua kwa kulinganisha wastani mbili.

Gosset alikufa 1937. Leo kompyuta inaifanya kwa sekunde, lakini vipimo vya shamba bado ni kazi ya mtu.