Muhammed Said Abdulla na Mwanzo wa Riwaya ya Upelelezi

Muhammed Said Abdulla alizaliwa Makunduchi, kusini mwa kisiwa cha Unguja, tarehe 25 Aprili 1918. Alipomaliza masomo mwaka 1938 aliajiriwa katika Idara ya Afya akiwa mkaguzi, yaani yule ambaye raia wa kawaida humwita bwana afya. Wahakiki huipita hatua hii haraka ili wavifikie vitabu vyake, ilhali inastahili kutazamwa. Bwana afya huingia katika nyua za watu, huchungulia visima na majaa, na huuliza maradhi yametoka wapi, hata pale ambapo mwenye nyumba ana jibu lake tayari, la hasidi au la shetani. Si ajabu basi kwamba mtu aliyeanza maisha kwa kazi ya namna hiyo alikuja kubuni mhusika asiyeridhika na jibu la kwanza.

Mwaka 1948 aliingia katika uandishi wa magazeti. Katika muongo uliofuata alikuwa mhariri msaidizi wa Al-Falaq, gazeti la Jumuiya ya Waarabu, na pia wa Afrika Kwetu, lililosimama upande wa pili wa siasa za Zanzibar. Ni wachache waliozipitia ofisi zote mbili. Mwaka 1958 alipewa uhariri wa jarida la kilimo, Mkulima, akaendelea nalo hata baada ya Mapinduzi ya Januari 1964, mpaka alipostaafu mwaka 1968.

Umaarufu wake, hata hivyo, ulianzia katika mashindano ya uandishi wa hadithi za Kiswahili ya mwaka 1957/58, yaliyoendeshwa na East African Literature Bureau, ambako Mzimu wa Watu wa Kale ulipata tuzo ya kwanza. Kitabu kilichapishwa mwaka 1960. Humo ndimo msomaji anapokutana na Bwana Msa, mvuta kiko, pamoja na Najum, sahibu yake. Nasaba yao haina kificho: ni jamaa za Sherlock Holmes na Daktari Watson wa Arthur Conan Doyle. Kwa sababu hiyo wako wanaomwona Abdulla kuwa mwigaji tu, na wanaoiweka kazi yake nje ya fasihi iliyo makini.

Hukumu hiyo ni nyepesi mno. Maiti hapa inakutwa mahali pa mzimu, na imani ya watu juu ya mahali hapo ndiyo inayomfunika mwuaji. Hofu inakuwa kichaka. Bwana Msa hana budi kupambana kwanza na maelezo ambayo jamii nzima imekwisha kuyakubali, ndipo aanze kumtafuta mtu. Kisima cha Giningi (1968) kinaitumia tena mbinu hiyo tangu kwenye jina lake, kwani Giningi katika simulizi za Wazanzibari ni pahala wanapokutana wachawi. Doyle hakumpa mtu yeyote jambo hilo. Na lugha, Kiunguja chenye mafumbo, utani na methali zinazotumika kama hoja, haina deni kwa Mwingereza.

Kuna jambo jingine. Katika miaka hiyo hiyo, televisheni ya Uingereza ilikuwa ikimweka polisi katikati ya hadithi: Fabian of the Yard mwaka 1954, Dixon of Dock Green mwaka 1955, kisha Z-Cars mwaka 1962, ambamo kazi ya kila siku ya kituo cha polisi ndiyo hasa mchezo wenyewe. Abdulla aliikataa njia hiyo. Mpelelezi wake ni raia asiye na sare wala cheo, na polisi humtegemea. Katika Zanzibar ya kikoloni, ambako askari alikuwa mkono wa serikali ya wageni, pengine msomaji asingempenda shujaa wa aina nyingine. Ni Faraji Katalambulla, katika Simu ya Kifo (1965), aliyewapa polisi nafasi ya mbele, na riwaya nyingi za upelelezi za Bara zikafuata mkondo huo.

Huko Bara hapakuwa na kituo cha televisheni hadi mwaka 1994. Kwa mkazi wa Kabuku au wa mashamba ya mkonge ya Korogwe, basi, mpelelezi alikuwa kwanza mtu wa kitabuni, naye alizungumza Kiswahili.

Baada ya kustaafu Abdulla aliandika kwa kasi: Duniani Kuna Watu (1973), Siri ya Sifuri (1974), Mke Mmoja Waume Watatu (1975), Mwana wa Yungi Hulewa (1976). Si zote zenye uzito sawa. Katika baadhi yake sadfa hufanya kazi ambayo ingepaswa kufanywa na akili ya mpelelezi. Kisha ikaja kimya cha miaka minane. Kitabu kilichokivunja, mwaka 1984, kiliitwa Kosa la Bwana Msa. Mwandishi wake alifariki mwaka 1991.