Bibi Aliyesikiliza Kilio cha Watoto

Wako wazazi wema wanaoamini kwamba mtoto mchanga akilia asichukuliwe upesi, asije akadeka na kuwa mtu dhaifu. Hata huko Ulaya na Marekani wataalamu fulani walifundisha hivyo zamani. Yafaa basi wazazi Wakristu wajue maisha ya Bibi Mary Ainsworth, mtaalamu wa saikolojia, yaani elimu ya nafsi, aliyelichunguza jambo hilo kwa saburi kubwa, naye alipata mwanga wake wa kwanza hapa kwetu Afrika ya Mashariki.

Alizaliwa tarehe 1 Desemba 1913 katika jimbo la Ohio, Marekani, akakulia Toronto, Kanada, ambako alipata udaktari wa saikolojia mwaka 1939. Wakati wa Vita Kuu ya Pili alitumika katika jeshi la wanawake la Kanada, akapanda hata cheo cha meja. Mwaka 1950 aliolewa, akaenda na mumewe London, akapata kazi kwa Daktari John Bowlby.

Siku zile Ulaya ilikuwa na watoto wengi waliotengwa na wazazi wao kwa vita, ugonjwa au umaskini. Mwaka 1951 Bowlby alilitolea Shirika la Afya Ulimwenguni taarifa yenye kuonyesha kwamba mtoto aweza kushibishwa na kuvikwa vema, na bado akajeruhiwa moyoni kwa kukosa mtu wake wa kumpenda daima. Mwenzao, James Robertson, alikuwa akiwatazama watoto waliolazwa hospitalini pasipo mama zao. Mtoto hulia kwanza, kisha hukata tamaa, na mwishowe hunyamaza. Watu husema amezoea, kumbe amefunga moyo wake.

Mwaka 1954 Bibi Ainsworth alifika Kampala pamoja na mumewe. Akiwa na mkalimani, alizitembelea jamaa 26 za Waganda katika vijiji vya karibu. Kila majuma 2 aliketi nao masaa 2 hivi, kwa muda wa miezi hata 9, akiwatazama watoto 28 na kuzungumza na mama zao. Mpaka hapo alikuwa akifikiri, kama wengi, kwamba mtoto humpenda mama kwa sababu ya maziwa tu. Sasa aliona mengine. Mtoto hutambaa mbali kuuchungulia ulimwengu, hugeuka kumtazama mama, huendelea mbele; akiogopa, hurudi mbio. Mama ndiye ngome yake, na kwa kuwa ngome ipo, mtoto hupata ushujaa wa kwenda.

Watoto 16 walikuwa na tumaini imara kwa mama zao; 7 walikuwa na wasiwasi, wakilia hata mikononi mwa mama; 5 hawakuonyesha bado kumshika mama kwa namna ya pekee. Mama waliowajua watoto wao vizuri, walioweza kueleza tabia zao ndogo ndogo kwa furaha, ndio waliokuwa na watoto wenye tumaini. Tena, kulelewa pia na bibi au shangazi hakukumwondolea mtoto tumaini lake. Lakini baadhi ya mama za watoto wenye wasiwasi walikuwa wamelemewa na taabu zao wenyewe. Habari hizi alizitoa katika kitabu mwaka 1967.

Baadaye alifundisha Baltimore, Marekani, akazichunguza tena jamaa 26 za huko. Hapo alibuni jaribio lililomletea sifa duniani: mtoto wa mwaka mmoja huachwa na mama yake kwa dakika chache katika chumba kigeni, nao watazamaji huangalia jinsi anavyompokea mama arudipo. Mwaka 1972 yeye na mwenzake Silvia Bell walitangaza kwamba watoto walioitikiwa upesi walipolia katika miezi ya kwanza, walilia kidogo zaidi kuliko wengine mwaka ulipokaribia kwisha. Basi kuitikiwa hakukuwadekeza, kuliwatuliza.

Yeye mwenyewe hakujaliwa mtoto, na ndoa yake ilivunjika mwaka 1960. Hata hivyo hakuuacha utumishi wake kwa watoto wa wengine. Alifariki tarehe 21 Machi 1999, huko Virginia.

Twajifunza nini? Kwanza, tusiogope kumwinua mtoto aliaye. Nguvu ya kustahimili misiba ya dunia haitokani na kuzoeshwa ukiwa tangu utotoni, bali na kujua kwamba yupo aitikaye. Pili, tusiharakishe kumlaumu mama. Mama asiyelala, asiye na chakula, ambaye mumewe amemwachia mzigo wote, atapata wapi utulivu wa kumsikiliza mtoto? Baba anayeleta posho nyumbani jioni na kuketi na mkewe, huyo naye amlea mtoto mchanga. Kadhalika jirani anayemchotea maji mama aliyejifungua, na jumuiya ya Kikristu inayomkumbuka mjane.

Mungu Mwenyewe alipokuja kwetu alikubali kuwa mtoto mchanga, akalia, akainuliwa na Mama yake, naye Yosefu akasimama karibu akiwalinda wote wawili. Basi, enyi akina baba, leo jioni mtoto akilia, msiseme kwamba hiyo ni kazi ya mama peke yake.